Kabla hujanunua kibanda cha kurekodi sauti ya kuimba nyumbani

Swali la kwanza kabisa: unapambana na kelele za nje au mwangwi wa chumba? Watu wengi huchanganya hapa, wananunua povu (sponji la kubandika ukutani) wanabandika ukuta mzima afu wanashangaa bado pikipiki inasikika kwenye rekodi. Povu halizuii sauti, linameza mwangwi tu, tena lile jembamba la sentimita 3 hivi linakula sauti za juu pekee na besi inabaki palepale, ndo unasikika kama uko ndani ya boksi. Kinachozuia kelele ni uzito wa kuta na kuziba kila upenyo, kwa hiyo ukienda kukiangalia kibanda anza na mlango. Zima taa za nje, mtu abaki ndani na tochi ya simu, ukiona mwanga unapenya pembeni basi na sauti itapita hapo hapo.

Saizi: usichukue kile cha kubana mabega, chini ya mita 1.2 kwa 1.2 mi nisingegusa. Ndani iwe na pamba ya madini (rockwool, ya kumeza sauti) nene, sentimita 10 ni poa.

Hewa je? Kibanda kilichozibwa vizuri kinachemka haraka, uliza feni yake, iwashwe we ukiwa ndani na hedfoni, ukiisikia kwenye maiki achana nacho.

Kama shida yako ni mwangwi tu, tundika blanketi nzito nyuma yako na pembeni, hela weka kwenye maiki.