Kujijazia Mafuta Marekani: Kazi Aliyokuwa Akikufanyia Mhudumu wa Sheli

Aliyezoea sheli za Dar es Salaam au Nairobi hushusha kioo, akasema kiasi anachotaka, akasubiri. Marekani, karibu kote, hakuna wa kumwambia hivyo. Unashuka, unalipa, unachagua mafuta, unajaza na kufunga kifuniko mwenyewe. Kujaza kwenyewe si kazi ya kukutoa jasho. Wageni wengi hukwama kwenye malipo, na anayeliharibu gari huliharibu kwenye kuchagua mafuta, kwa hiyo tutakaa zaidi hapo.

Kabla ya kushuka, tazama geji ya mafuta. Kando ya kialama cha pampu kwa kawaida kuna kishale kidogo kinachoonyesha upande wenye mdomo wa tangi. Egesha upande huo uielekee pampu. Ukikosea, usivute mpira juu ya buti kwa nguvu, zunguka uingie upya. Zima injini, weka gia kwenye P, na ushike kichwani namba ya pampu iliyoandikwa juu yake.

Bei ya kibaoni ni ya galoni, na galoni ya Marekani ni lita 3.785. Tangi la lita 50 ni galoni 13 na kidogo. Ukiona 3.19 ikifuatwa na 9 ndogo, soma dola 3.199, maana kile kidogo ni sehemu tisa za kumi za senti. Vituo vingine huweka bei mbili, ya pesa taslimu na ya kadi, na ya taslimu ndiyo ndogo.

Malipo

Unalipa kwanza, kisha unajaza. Ukiingiza kadi pampuni, skrini itakuuliza tarakimu tano za msimbo wa posta, yaani ZIP. Mashine inazilinganisha na anwani ambayo benki yako inayo. Kadi iliyotolewa Afrika Mashariki haina ZIP ya Marekani, kwa hiyo inaweza kukataliwa hata kama pesa zimejaa. Usirudie mara tatu nne, benki inaweza kudhani kadi imeibwa ikaifunga. Skrini ikiandika "See cashier", maana yake nenda kwa keshia.

Ndani, taja kiasi na namba ya pampu: "Thirty dollars on pump six." Keshia anaifungulia pampu ya sita mpaka dola 30, ikifika hapo inajizima. Tangi likijaa kwenye dola 24.60, rudi ndani uchukue chenji yako ya dola 5.40, usiporudi, hakuna atakayekufuata nayo. Kama ulilipa kwa kadi, kwa kawaida unakatwa zile 24.60 tu.

Hata mwenye kadi ya huko huko ana sababu ya kuingia ndani. Pampu haijui utajaza kiasi gani, kwa hiyo kabla ya kufunguka huiomba benki ishikilie fedha, na kwa kadi za Visa na Mastercard kiasi hicho kinaweza kufika dola 175. Kinaachiwa baadaye, pengine baada ya saa chache, pengine siku kadhaa. Mwenye dola 200 kwenye akaunti aliyejaza mafuta ya dola 35 anaweza kukuta kodi ya nyumba imegonga mwamba jioni ile ile. Ukilipa kwa keshia kiasi unachokitaja, kinachoguswa ni hicho hicho.

Kabla ya kuingiza kadi, itikise sehemu ya kusomea kwa vidole. Ikicheza, au stika ya usalama kwenye mlango wa pampu ikiwa imechanika, huenda kuna kifaa cha wezi kilichopachikwa hapo. Hamia pampu nyingine, ikiwezekana iliyo karibu na dirisha la keshia.

Mafuta yapi?

Petroli hupangwa kwa namba za oktani, yaani uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Namba hizo ni nyeusi juu ya kibandiko cha njano: 87 ya kawaida, 89 ya kati, 91 hadi 93 ya juu. Anayetoka kwenye petroli ya 93 au 95 huiona 87 akaogopa bure. Vipimo ni viwili tofauti: Afrika Mashariki hutumia RON, Marekani hutumia wastani wa RON na kipimo kingine kiitwacho MON ambacho huwa chini zaidi. Hiyo 87 yao ni kama 91 au 92 ya RON. Fuata kilichoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi au kwenye kitabu cha gari. Kikisema 87 inatosha, kununua 93 ni kutupa pesa, injini haitaongeza nguvu. Kikisema oktani ya juu ni lazima, usibanie senti.

Kuna namba mbili za kuangalia kwa makini. 88 ya bei nafuu mara nyingi ni petroli yenye ethanoli hadi asilimia 15. Inaruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea, lakini si kwa pikipiki, boti wala mashine ya kukatia majani. E85, yenye ethanoli hadi asilimia 85, ni ya magari yaliyotengenezwa maalumu kwa ajili yake tu. Isikuvute kwa bei.

Dizeli mara nyingi iko kwenye nozeli yenye mpini wa kijani, ila usiiamini rangi. Hakuna sheria inayolazimisha rangi hiyo, na kuna kampuni ambazo petroli yao ndiyo ya kijani. Soma maneno. Nozeli ya dizeli ni nene, kwa kawaida haiingii kwenye mdomo wa gari la petroli. Ya petroli ni nyembamba na huzama bila kizuizi kwenye tangi la dizeli, kwa hiyo mwenye dizeli ndiye wa kuwa macho zaidi. Kifuniko cha bluu karibu na cha dizeli ni cha maji ya kusafishia moshi. Hayo yana tangi lake.

Ukigundua umekosea, usiwashe gari. Hata kuzungusha ufunguo nusu tu kunaweza kuiamsha pampu ya ndani ikavuta mafuta hayo kuelekea injini. Ita gari la kuvuta likamwagwe tangi. Mafuta yakiwa bado tangini, kazi ni ya kumwaga na kusafisha. Petroli ikishazunguka kwenye mfumo wa dizeli, huondoa ulainishaji wa pampu ya shinikizo kubwa, chuma kinasagana, na chembe zake huishia kwenye nozeli za injini. Hapo bili ni ya kubadilisha mfumo mzima.

Kujaza

Nyanyua nozeli (kwenye pampu za zamani inua pia kishikio kilichokuwa chini yake), bonyeza kitufe cha mafuta yako, na usubiri namba zirudi sifuri. Izamishe nozeli yote, kisha kaza mpini. Vituo vingi vina kibanio kidogo chini ya mpini kinachoushikilia ili upumzishe mkono.

Angalia ncha ya nozeli: pembeni kuna kitundu kama cha njiti. Mafuta yanapopita, kitundu hicho hunyonya hewa. Tangi likijaa, mafuta yanakiziba, mvuto unapanda ndani ya mpini na kukata: "tak". Ikikata wakati tangi bado tupu, ujue ni povu au mafuta yanayorudi nyuma yanayokiziba. Toa nozeli sentimita mbili tatu, au igeuze ubavu, kisha kaza mpini nusu tu.

Ikishakata kwa kujaa, usiongeze ili kufikisha dola kamili. Mafuta ya ziada hupanda kwenye bomba la mvuke hadi kwenye kopo la mkaa linalokamata mvuke wa petroli. Mkaa ukilowa umekufa, na taa ya injini itawaka. Funga kifuniko mpaka kisikike kikilia. Kikilegea nacho huiwasha taa hiyo.

Usirudi garini wakati mafuta yanaingia. Majira ya baridi hewa ni kavu, na ukijisugua na kiti ukiwa na koti la sufi au nailoni unabeba umeme tuli. Cheche ya kidole karibu na mdomo wa tangi inatosha kuwasha mvuke. Ukilazimika kurudi, gusa bati la mlango mbali na tangi kabla ya kushika nozeli. Moto ukitokea, usiichomoe nozeli: utamwaga mafuta yanayowaka. Ondoka, piga kelele, keshia abonyeze kitufe cha dharura. Dumu nalo hujazwa likiwa chini ardhini, kamwe si ndani ya buti au kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu.

Ukiondoka na nozeli ikiwa tangini, mpira umetengenezwa kukatika sehemu maalumu na kujifunga. Simama, mwambie keshia, na usijaribu kuuunga.

Mahali ambapo bado unahudumiwa

New Jersey ndilo jimbo pekee lililobaki na marufuku ya kujijazia petroli, tangu sheria ya 1949. Kaa garini, fungua kifuniko cha nje, taja aina, kiasi na njia ya kulipa: "Regular, thirty, cash." Mazoea ya nyumbani yanafaa hapa: hakikisha namba zimeanza sifuri. Oregon ilikataza tangu 1951 hadi Agosti 2023. Sasa, kwenye kaunti zenye watu wengi, kituo kinaruhusiwa kuachia wateja hadi nusu ya pampu, zilizobaki ziwe na mhudumu, na bei iwe ile ile pande zote.

Kwingineko, dereva mwenye ulemavu ana haki ya kusaidiwa kujaza kwa bei ya kujijazia. Piga honi au simu iliyoandikwa pampuni. Kituo kinaweza kukataa pale tu mfanyakazi aliye zamu ni mmoja peke yake.