Kupaka bakuli la mti nakshi bila mistari kuota ndevu

Juzi jamaa yangu aliniletea bakuli alilolikereza mwenyewe, mkanda mwekundu chini ya ukingo umeota ndevu, yaani rangi imevuja nje ya mstari kwa michirizi myembamba. Nilicheka, maana langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo, na nilimaliza jioni nzima nikilikwangua.

Hatua ya 1: Piga msasa namba 120, 180, kisha 240. Futa vumbi.

Hatua ya 2: Ziba mti. Usiharakishe hapa. Kwa kawaida nyuzi za bakuli hulala kutoka upande mmoja hadi wa pili, hivyo ukilizungusha utakuta sehemu mbili zinazotazamana ambako vichwa vya nyuzi vimekatwa. Vichwa hivyo hunywa rangi kama mrija, na ndevu huota hapo. Kwingine mstari hutulia. Mimi nililaumu tepu ya kuzuia rangi, nikabadilisha mara mbili, ndevu zikarudi palepale. Paka sheleki (aina ya vanishi inayokauka haraka) nyepesi isiyo na nta mara mbili, kwenye vichwa mara tatu. Ikikauka, pitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi. Usitangulize mafuta ili mti ung'ae, kwa sababu rangi ya maji haishiki juu yake, itabanduka. Na kama ulikereza mti mbichi, subiri kwanza ukauke.

Hatua ya 3: Gawa ukingo sehemu sawa, ili nakshi zipangike. Wengi hutumia bikari, wakiitanua kwa nusu kipenyo na kupata sehemu 6. Lakini bakuli likishakauka mara nyingi huwa limevutika kama yai, na bikari hudanganya. Mimi huzungushia utepe wa karatasi, naukata ncha zinapokutana, naukunja katikati mara 3. Mikunjo inakupa sehemu 8. Hamishia alama kwa penseli.

Hatua ya 4: Bandika tepu ya karatasi, ikandamize kwa ukucha. Pitisha sheleki kidogo kwenye ukingo wake, kisha akriliki (rangi ya maji), tabaka mbili nyembamba. Ng'oa tepu kabla rangi haijakauka kabisa.

Hatua ya 5: Nukta. Tumia kitako cha brashi, na uchovye kwa kila nukta, la sivyo zitazidi kupungua. Stensili, zile karatasi zilizotobolewa za kuchorea nakshi, achana nazo, hazilali kwenye mgongo wa bakuli.

Hatua ya 6: Vanishi nje. Ndani usipake rangi kama litawekewa chakula.

La jamaa yangu tulilipiga msasa upya. Ndevu mbili ziligoma kutoka, tukazifunika kwa nukta.