Jinsi ya Kuchagua Matairi ya Kudumu kwa Pikapu ya Mizigo Mizito: Mwongozo Kutoka Malindi

Pikapu inayobeba mawe ya ujenzi kutoka machimbo yetu, chumvi kutoka Gongoni au maembe kutoka Magarini humaliza matairi kwa sababu tatu kubwa: mzigo unaozidi uwezo wa tairi, mawe ya matumbawe yanayokata ubavu, na joto la lami. Wanunuzi wengi hufika dukani wakiwa wameshaamua jina la kampuni na umbo la meno, ilhali mambo yanayoamua umri wa tairi yameandikwa kwa herufi ndogo ubavuni na hakuna aliyeinama kuyasoma. Utaratibu ninaoufuata kazini huanza na mzigo, kisha saizi, kisha njia, na jina la kampuni huja mwisho.

Hatua ya 1: Ujue mzigo wa ekseli ya nyuma

Kabla ya kuuliza bei ya tairi, ipeleke gari kwenye mizani ya magari ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mafuta, dereva na utingo, kisha upandishe magurudumu ya nyuma peke yake. Uzito wa gari zima hausaidii sana hapa, kwa kuwa katika pikapu ya mizigo matairi mawili ya nyuma ndiyo yanayoumia. Mzigo uliopangwa nyuma ya ekseli, kama vile mbao au mabomba yanayotokeza nje ya bodi, huinua pua ya gari na kuiongezea ekseli ya nyuma kilo nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe.

Tuseme mizani imeonyesha kilo 2,400 kwa ekseli ya nyuma. Kila tairi linabeba kilo 1,200. Sasa soma ubavuni, mara baada ya saizi, ambapo utakuta nambari kama 115 au 121/120 ikifuatwa na herufi moja. Nambari hiyo ni ya mzigo: 112 ni kilo 1,120, 115 ni kilo 1,215, 120 ni kilo 1,400, na 121 ni kilo 1,450. Zikiwa mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, ya kwanza ni ya tairi linalofungwa peke yake, na ya pili ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili kila upande. Kwa hesabu ya karatasi, tairi la 115 linatosha kwa mfano wetu. Kwa barabara zenye mashimo na matuta ya huku halitoshi, kwa sababu gari likitumbukia shimoni gurudumu moja hupokea kishindo kinachozidi sana nusu ya uzito wa ekseli. Mimi huacha akiba ya asilimia 15 hadi 20, na hivyo kwa gari hilo ningeanzia 120.

Nambari hiyo ina sharti ambalo husahaulika. Uwezo ulioandikwa hupatikana tu tairi likiwa na upepo kamili ulioandikwa pamoja nao; ukilijaza nusu, umenunua nusu ya tairi. Vilevile, tairi lenye nguvu zaidi haliongezi uwezo wa gari lenyewe. Kikomo cha ekseli, springi na breki ni kile kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji wa gari.

Angalia pia herufi zinazotangulia au kufuata saizi. Tairi la 265/70R16 la gari la abiria huwa na nambari ya mzigo kama 112, lakini lile linaloanza na LT, yaani la gari dogo la mizigo, kwa saizi hiyo hiyo linaweza kufika 121. Ukubwa ni ule ule, tundu la rimu ni lile lile, na tofauti ni zaidi ya kilo 300 kwa kila tairi. Katika saizi za kizamani kama 7.50R16 na 205R16, herufi C mwishoni ndiyo inayoonyesha kwamba tairi ni la kazi. Ahadi ya muuzaji kwamba tairi ni "zito" isikutosheleze bila maandishi haya.

Hatua ya 2: Linganisha saizi na rimu

Landkruza nyingi za kazi hutumia 7.50R16 lenye tyubu, na zingine zimebadilishiwa rimu ili zitumie tairi pana lisilo na tyubu. Kubadilisha kunaruhusiwa, mradi kipenyo kisiende mbali na cha awali. Kwa 265/75R16, nambari 265 ni upana kwa milimita, 75 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 16 ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, kipenyo chake ni takriban milimita 804. Lile la 235/85R16 ni takriban 806. Yote mawili yako karibu sana na 7.50R16, na ndiyo maana hubadilishana nalo vizuri, ilimradi upana wa rimu uwe unalifaa tairi jipya.

Mwenye gari lililotoka kiwandani na 265/70R16, ambalo kipenyo chake ni milimita 777, akihamia 265/75R16 ataongeza zaidi ya asilimia 3. Spidomita ikisoma 80, mwendo halisi utakuwa karibu 83, na breki na gia zitafanya kazi zaidi kwa mzigo ule ule. Sioni faida ya mabadiliko hayo kwa gari la biashara, isipokuwa mwenyewe anataka gari lionekane refu.

Hatua ya 3: Hesabu njia zako za wiki nzima

Mteja wa pikapu akija akasema, "Fundi, nipe yale ya meno makubwa," mimi humuuliza, "Bwana, katika wiki unakanyaga lami kiasi gani?" Mara nyingi jibu lake humshangaza mwenyewe. Mtu anayetoka Malindi kupitia Mambrui na Gongoni kuelekea Garsen yuko juu ya lami karibu safari nzima, na vumbi analiona anapoacha barabara kuu kwenda kupakia.

Meno makubwa ya matope, yale ya M/T, yana nafasi pana katikati. Mpira unaogusa barabara ni mchache, na huo mchache ndio unaobeba uzito wote, unapata moto na kulika. Juu ya lami yenye joto na mzigo mzito, kingo za meno huchongoka upande mmoja na kuanza kuvuma. Hata mchangani hayasaidii kama watu wanavyodhani: kwenye mchanga laini tairi linapaswa kuelea, na meno marefu huchimba hadi ekseli ikalala. Namshauri mtu anunue M/T pale tu anapofanya kazi ndani ya udongo mweusi wa delta ya Tana wakati wa mvua, au mahali ambapo kukwama humgharimu zaidi ya tairi.

Kwa wengine chaguo ni kati ya mawili. Ikiwa sehemu kubwa ya kazi yako ni lami, tairi la mizigo lenye mifereji iliyonyooka, yaani H/T (la barabara kuu) au la C la kawaida, ndilo litakalofika mbali zaidi kwa kilomita. Ikiwa karibu nusu ya njia ni changarawe, kama kwa wanaozunguka ndani ya Magarini na Langobaya, chukua A/T (la njia zote, lami na vumbi), lakini chagua lile ambalo meno yake ya katikati yameshikana. Kuna A/T zinazouzwa kwa sura tu, zina mabega ya M/T na huliwa kama M/T.

Hatua ya 4: Kagua ubavu

Hapa ndipo matairi ya Malindi hufia, wala si kwenye meno. Ukichukua tairi lililotupwa na gari la machimbo, mara nyingi utakuta meno bado yana milimita sita au saba, lakini ubavuni, vidole vitatu kutoka ukingo wa rimu, kuna mkato mfupi uliosimama wima. Ufungue kwa kidole gumba utaona nyuzi nyeupe zimekatika. Hiyo ni kazi ya jiwe la matumbawe, ambalo likivunjika huacha makali, na dereva hulikwaruza anapopinda na mzigo karibu na ukuta wa timbo.

Kwa hiyo soma maandishi yanayoeleza matabaka. Tairi nyingi hutaja idadi ya matabaka ya sehemu ya meno na idadi ya matabaka ya ubavuni, kila moja kivyake. Muuzaji atakutajia "plai kumi". Hicho ni kipimo cha nguvu tu, kwani tairi la kisasa lenye alama ya 10PR au herufi E halina matabaka kumi ndani yake. Unachotafuta ni idadi halisi ya ubavuni. Kwa anayeingia machimboni kila siku, matabaka matatu yana thamani ya pesa yake; kwa anayekaa barabarani mawili yanatosha, tena tairi huwa jepesi na hupata joto kidogo.

Hatua ya 5: Soma tarehe

Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha matairi cha Nairobi mwaka 2016, na matairi mengi yaliyopo madukani hutoka ng'ambo, yakakaa kwenye makontena na maghala kabla ya kutufikia. Tafuta maandishi ya DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta 3524, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarakimu hizi huwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukiona maandishi ya DOT yamekatika bila tarehe, ligeuze tairi usome upande wa pili. Muuzaji akikuambia hakuna haja ya kugeuza, geuza.

Mpira huzeeka hata usipotumika, na joto huharakisha jambo hilo. Mimi sinunui tairi jipya lililozidi miaka miwili, hasa kama lilipangwa nje ya duka juani. Matairi ya mitumba huwa na meno mazuri na nyufa ndogo mizizini mwa meno. Ya mzigo mzito siyapendekezi kabisa.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya kilomita

Bei ya dukani haisemi lolote mpaka uigawanye. Kwa mfano wa hesabu tu, tairi la shilingi 18,000 likienda kilomita 40,000 limekugharimu senti 45 kwa kilomita. La shilingi 27,000 likienda kilomita 75,000, senti 36. Ili upate kilomita zako mwenyewe, pima kina cha mifereji siku ya kufunga, kisha pima tena baada ya kilomita 10,000. Tairi lililoanza na milimita 11 likabaki 9 linapoteza milimita moja kwa kila kilomita 5,000. Alama zilizoinuka ndani ya mifereji huonyesha mwisho wa milimita 1.6, lakini kwa gari la mzigo wakati wa masika mimi hubadilisha kwenye 3.

Nambari ya ulikaji iliyoandikwa ubavuni, kama 400 au 600, ni ya matairi ya abiria. Ukiikosa kwenye tairi la LT si dosari.

Hatua ya 7: Kufunga

Kwa tairi la tyubu, weka tyubu mpya na flapu mpya. Kwa lisilo na tyubu, weka valvu mpya na usugue kutu kwenye ukingo wa rimu kwa brashi ya waya, maana hewa ya chumvi ya pwani hula chuma pale tairi linapokaa na upepo ukavuja pole pole. Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma. Nyoosha mwelekeo wa magurudumu (alignment) siku hiyo hiyo, na kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hatua ya 8: Upepo na kuzungusha

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe, na ufuate kibati cha mlangoni kwa gari tupu na gari lenye mzigo. Baada ya safari kipimo kitapanda. Usiutoe upepo huo, kwani tairi likipoa litabaki na upungufu na mabega yake yataanza kulika. Ukishuka mchangani punguza hadi karibu PSI 20 na uende polepole, kisha jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami na mzigo.

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zungusha matairi yote matano, yaani yabadilishane nafasi, spea ikiwemo. Spea inayoning'inia chini ya bodi kwa miaka, ikipigwa na vumbi na chumvi, huzeeka ikiwa na meno yake yote, na mnyororo wake hushikwa na kutu hadi siku ya pancha ukakataa kushuka. Kwa hiyo kila unapozungusha, teremsha spea mwenyewe hadi chini na upake mnyororo grisi.