Kabla hujafungua mdomo kung'olewa jino

Pesa za korosho zikitoka, huku Masasi na Newala ndipo watu wanapoyakumbuka meno. Sasa ukikalia kile kiti, achana na vigae na kiyoyozi. Angalia koleo linatoka wapi. Litoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe ukiona. Pakiti nyingi zina alama inayobadilika rangi zikipita kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, ambayo kwa kawaida hufika nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au zaidi. Rangi haijabadilika? Omba nyingine. Kulichovya koleo kwenye dawa na kulifuta hakutoshi, maana virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai juu ya kifaa kikavu kwa siku 7.

Sindano ya ganzi iwe mpya, ikitumika iende kwenye boksi lake, si ndoo ya taka. Glovu vilevile, zivaliwe mpya kwa kila mgonjwa.

Wengi tunaona aibu kumuuliza daktari. Sema tu: "Samahani daktari, naomba nione pakiti ikifunguliwa." Anayefanya kazi yake vizuri hakasiriki. Akifoka, shuka kitini, hata kama jino linauma.