Kuziba tundu la sakafu ya pikapu kwa mashine ndogo ya kuchomelea

Kutu ya sakafu ya pikapu mara nyingi huanzia chini, pale bati linapokalia vyuma vya kukingama. Tope hujaa katikati yake na kukaa na unyevu muda mrefu, na kama gari hubeba samaki wa barafu au magunia ya chumvi, ndiyo kabisa. Kwa hiyo tundu linaloingia kidole tu likishakatwa vizuri huwa na upana wa sahani. Panga kazi yako kwa ukubwa huo.

Maelezo haya ni ya bati la sakafu peke yake. Kama kilicholiwa ni chuma cha kukingama, kiraka cha bati jembamba hakitabeba mzigo. Na kama ni chasesi, mpe fundi mzoefu.

Vifaa

Mashine ya invata (ile ndogo nyepesi ya kielektroniki) inayotumia umeme wa nyumbani inatosha. Nunua fimbo za kuchomelea za E6013 za milimita 2.0, au 1.6 ukizipata. Za 2.5 ndizo zinazojaa madukani, lakini kwa mkono usiozoea zitatoboa bati. Kiraka kiwe shiti nyeusi, yaani bati la chuma lisilopakwa zinki, ya geji 18, yaani kama milimita 1.2. Bati la kuezekea liache: ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku wake.

Ongeza grainda yenye diski ya kukatia ya milimita 1 na diski ya msasa, brashi ya waya, klampu mbili tatu, kofia ya kuchomelea, glavu za ngozi, na kipande cha bomba la shaba kilichogongwa kikawa bapa. Faida ya hiyo shaba utaiona mbele.

Hatua ya 1: Ondoa kinachoweza kuungua au kuharibika

Chomoa waya hasi wa betri ili umeme wa mashine usiharibu alteneta na kompyuta ya gari. Shusha tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi. Kisha lala chini uangalie kilichopita upande wa pili wa tundu: paipu za breki, nyaya za taa, paipu za mafuta, tangi. Kama tundu liko juu ya tangi au karibu na shingo ya kujazia mafuta, usichomelee hapo kabla ya kushusha tangi, au kufungua boliti za bodi na kuinyanyua mbali na gari. Kitambaa kibichi juu ya tangi si kinga. Kwangua lami ya chini angalau sentimita 10 kuzunguka tundu, maana huwaka polepole bila wewe kuona. Weka ndoo ya mchanga na kizimamoto cha unga karibu.

Hatua ya 2: Kata mpaka chuma kizima

Gonga kuzunguka tundu kwa ncha ya nyundo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito na kubonyea. Kata nje ya sehemu inayobonyea, na pembe uzikate kwa mviringo kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Piga msasa sentimita 3 kuzunguka mpaka bati ling'ae, juu na chini. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, halafu wanalaumu mashine: ukichomea juu ya kutu au rangi, moto hurukaruka na kuacha vishimo. Usisafishe kwa dawa ya breki. Zile zenye klorini zikipata mwanga wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu.

Hatua ya 3: Tengeneza kiraka

Kiraka kizidi tundu kwa milimita 15 kila upande. Sakafu nyingi zina matuta, na kiraka bapa juu ya tuta huacha nafasi ambayo fimbo haiwezi kuijaza. Likunje bati kwenye ukingo wa chuma cha pembe, au nenda kwa wauza bodi chakavu ukate kipande chenye matuta yaleyale. Puliza praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa kwenye nyuso zitakazokutana, kisha bana kwa klampu. Kama unaweza kupitisha kadi ya simu kati ya mabati mawili, gonga tena.

Hatua ya 4: Choma kwa nukta

Funga klampu ya ethi, ile ya waya wa pili wa mashine, karibu na kiraka, kwenye chuma kilichong'arishwa. Waya wa fimbo uwe upande hasi (−) wa mashine ili moto usizame sana. Anza na ampea 40 kwa fimbo ya 2.0, ujaribu kwanza kwenye masalia ya shiti ileile.

Usivute mstari mrefu. Piga nukta moja, ruka upande wa pili, piga nyingine, kisha kona nyingine, mpaka ziwe zimeachana sentimita 3 hivi. Halafu jaza katikati yake vipande vya sentimita 1. Elekeza moto kwenye kiraka, kilicho kinene, uuache uteremke kidogo kwenye bati la gari. Gonga gamba linaloachwa na fimbo juu ya chuma kila baada ya nukta. Ukishindwa kuweka kiganja juu ya bati, subiri lipoe lenyewe. Kulimwagia maji hulikunja.

Likitoboka, acha. Likipoa, shikiza ile shaba kwa chini na ujaze kutoka ukingoni kwa nukta fupifupi. Chuma hakigandi kwenye shaba. Fimbo ikinata kila mara, ama ampea ni ndogo au fimbo ina unyevu: ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 100 hivi, saa moja.

Ukimaliza, kaa hapo nusu saa ukichungulia chini kama kuna moshi.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha paka

Giza likiingia, mtu amulike tochi chini huku wewe ukitazama juu. Kila kivishimo kitaonekana kama kinyota. Rudia hapo. Saga vinundu tu. Ukisawazisha mpaka bati lilale, umeondoa ulichokichoma.

Paka red oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu na chini. Ikikauka, pitisha sila ya bodi (dawa nzito ya kuziba maungio) ukingo wote, hasa chini, ambako maji hupenya kati ya mabati mawili. Kisha rangi juu na lami mpya chini. Fila ya bodi usiipake sakafuni, itapasuka kwa mzigo wa kwanza. Zibua vitundu vya kutolea maji kabla ya kurudisha tairi la akiba na waya wa betri.