Jinsi ya Kuchagua Tanuri la Karakana Mpya ya Ufinyanzi

Mfinyanzi anayeanzisha karakana anaweza kubadilisha gurudumu lake baada ya mwaka, akahamisha meza, akaacha hata udongo aliouzoea na kushika mwingine. Tanuri si hivyo. Likishavutiwa umeme na kuwekwa mahali pake hukaa miaka mingi, na kazi zote nyingine hujipanga kulifuata. Ndiyo maana wanafunzi wanaponiuliza wanunue tanuri la ukubwa gani, swali hilo mimi huliweka kando kwanza. Ukubwa ni jambo la kuhesabu, na hesabu yake si ngumu. Yanayotangulia ni mawili: joto ambalo udongo wako unalihitaji, na nguvu ya umeme au gesi inayoweza kufika pale utakapofanyia kazi.

Anza na udongo

Udongo mwekundu wa kawaida, ule wenye chuma kingi, kwa sehemu kubwa hukomaa kati ya nyuzi 1,000 na 1,150 za Selsiasi. Ukizidishiwa joto huvimba, hulegea, na mwishowe huyeyuka na kugandia kwenye rafu. Udongo wa moto mkali, unaofaa kwa vikombe na sahani za kila siku kwa sababu hushikamana hadi usipitishe maji, huhitaji takriban nyuzi 1,200 hadi 1,300, na porseleni kwa kawaida huangukia upande wa juu wa kiwango hicho. Juu ya udongo huja glezi, yaani ule utandu wa kioo unaopakwa ukiwa uji na kuyeyukia juu ya chombo. Nayo ina joto lake, ambalo lazima lipatane na joto la udongo uliouchagua.

Katika maelezo ya matanuri, joto la juu kabisa mara nyingi huandikwa kwa namba za koni. Koni ni kipande kidogo kilichochongoka, kilichotengenezwa kwa madini yanayofanana na ya glezi, ambacho hulainika na kuinama kinapopata joto fulani kwa muda fulani. Mjerumani Hermann Seger alizitangaza koni zake mwaka 1886, na miaka 10 baadaye Edward Orton akaanza kutengeneza za kwake Ohio, Marekani. Mpangilio wa namba za Orton humchanganya mgeni. Koni 022 ndiyo ya joto la chini kabisa, namba hupungua joto linavyopanda hadi kufika 01, kisha huanza upya kwa 1 na kuendelea juu. Hivyo koni 06 huinama karibu na nyuzi 1,000, ilhali koni 6 huinama karibu na 1,220, na mtu asiyeitazama ile sifuri ataharibu mzigo mzima kwa usiku mmoja.

Ukishajua koni utakayochomea, tafuta tanuri ambalo uwezo wake unaipita kwa nafasi ya kutosha. Anayekusudia koni 6 anunue tanuri la koni 10. Tanuri linalofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake hupanda kwa shida katika nyuzi 100 za mwisho, na hapo ndipo koili zake, yaani nyaya zilizosokotwa zinazotoa joto, zinapochakaa upesi.

Umeme, gesi au kuni

Kwa karakana nyingi mpya ninapendekeza umeme, kwa sababu tanuri la umeme linaweza kukaa ndani ya jengo, hupanda kwa utaratibu uliouagiza, na humwacha mfinyanzi aendelee na kazi nyingine. Jambo moja tu ndilo lisilowezekana humo. Katika tanuri la gesi unaweza kuubana moto usipate hewa ya kutosha, nao ukikosa oksijeni huipokonya kutoka kwenye madini ya glezi, hata shaba ambayo kwa kawaida hutoa kijani ikageuka nyekundu kama damu, na chuma kidogo kikatoa ule ukijani mpole wa glezi iitwayo seladoni. Kama rangi hizo ndizo zilizokuvuta kwenye ufinyanzi, nunua tanuri la gesi tangu mwanzo. Wapo wanaotumbukiza vijiti vya kuni katika tanuri la umeme ili kupata moshi, lakini moshi huo hula ngozi nyembamba ya oksidi inayozilinda koili, na koili zisizo na ngozi hiyo hazidumu.

Gesi nayo ina masharti yake. Inataka dohani, mahali pa wazi au penye hewa nyingi, vali inayokata gesi yenyewe moto ukizimika, na kifaa cha kutambua kaboni monoksidi, gesi ambayo huwezi kuiona wala kuinusa. Inataka pia mitungi zaidi ya mmoja iliyounganishwa pamoja, kwani mtungi unaovutwa kwa kasi hupoa, huweza kufanya barafu nje, na shinikizo lake hushuka pale hasa unapolihitaji. Tanuri la kuni ni jambo la kupendeza mno, lakini hutaka watu wa kupokezana usiku kucha na majirani walio mbali; liache hadi karakana itakaposimama.

Umeme upimwe kabla ya fedha kutoka

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa kuwa makosa mengi ya gharama hutokea hapa. Kila tanuri la umeme lina kibandiko chenye volti, ampea, idadi ya fezi (njia ambazo umeme huingilia, moja au tatu) na joto la juu kabisa. Omba picha ya kibandiko hicho kabla ya kulipa chochote, uipeleke kwa fundi umeme mwenye leseni, naye aje aikague swichi kuu ya jengo. Volti mara ampea ndiyo nguvu ya tanuri la fezi moja: la volti 240 na ampea 48 huvuta wati 11,520, yaani karibu kilowati 11.5, na huvuta hivyo kwa saa nyingi mfululizo. Kwa sababu hiyo huhitaji laini yake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, waya mnene wa kutosha, na sakiti breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) iliyozidi ampea za tanuri kwa robo, ambayo kwa mfano huu ni ya ampea 60. Waya wa kuongezea, hata uwe mnene vipi machoni, usiutumie kamwe. Tanuri la fezi tatu nalo usilinunue kwa matumaini kwamba fundi "atalibadilisha" litumie fezi moja. Baadhi hubadilika, lakini kwa kufungwa upya na wakati mwingine kwa koili mpya.

Kisha kuna volti yenyewe. Tanuri langu la kwanza lilitengenezwa kwa volti 240, na muuzaji alinihakikishia kwamba lingefika koni 6 bila taabu. Nilikuwa nikilichoma jioni. Lilipanda vizuri hadi nyuzi 1,100, kisha likaanza kutambaa, nyuzi 10 kwa saa, baadaye pungufu ya hapo, hadi kidhibiti kikakata tamaa na kulizima. Asubuhi nilipoinua kifuniko niliikuta koni imesimama wima kama nilivyoiweka, na glezi iliyopaswa kung'aa ilikuwa kavu, ikikwaruza kidole kama ganda la yai. Niliulaumu udongo, nikailaumu glezi, nikapoteza miezi mitatu. Hatimaye fundi umeme alishika mita kwenye vituo vya waya tanuri likiwa linawaka, tukaisoma pamoja: volti 208. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, hivyo 208 badala ya 240 humaanisha asilimia 75 tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko. Robo nzima ilikuwa haipo. Dawa ilikuwa koili zilizotengenezwa kwa volti iliyokuwapo kweli, na tangu hapo tanuri lilelile halijanisumbua. Basi pima volti ya mahali pako, katika saa utakazochoma, vifaa vingine vikiwa vimewashwa, kisha umwagizie muuzaji koili za volti hiyo.

Ukubwa

Chukua chombo unachotengeneza zaidi na ukipange kwenye rafu kwa mawazo. Kikombe chenye mkono huchukua nafasi ya sentimita 10 kwa 12 hivi, na vyombo vilivyopakwa glezi haviruhusiwi kugusana, maana vitashikana daima. Rafu ya sentimita 50 kwa 50 itachukua vikombe 20. Kikombe cha kimo cha sentimita 10, ukiongeza nafasi ya juu na unene wa rafu, huhitaji sentimita 14, na tanuri lenye kina cha sentimita 60 litatoa safu 4. Hivyo ni vikombe 80 kwa mzigo mmoja. Sasa kumbuka kwamba karibu kila chombo huchomwa mara mbili: kwanza karibu na nyuzi 1,000, kiwe kigumu lakini bado kinywe maji ili kishike glezi, kisha mara ya pili kwa ajili ya glezi yenyewe. Mzigo wa kwanza huweza kubebanishwa, bakuli ndani ya bakuli, kwa hiyo humeza zaidi.

Muda nao uhesabiwe. Tanuri hupanda kwa saa 8 hadi 12 na kupoa kwa muda kama huo au zaidi, na halifai kufunguliwa kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 100. Mwenye pupa husikia vyombo vyake vikipasuka mlio mmoja mmoja kama vipande vya barafu kwenye maji ya moto. Kwa utaratibu huo mizigo 3 kwa wiki ni kazi nzuri, 4 ni ya kujibana. Linganisha na unachofinyanga kwa wiki, nawe utapata jibu lako. Zingatia pia upana: udongo husinyaa takriban asilimia 12 kutoka ubichi hadi kukomaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko kwa udongo wa moto mkali hutokea katika uchomaji wa pili. Sahani kubwa lazima iingie katika tanuri ingali pana.

Kati ya tanuri kubwa na la wastani, ninachagua la wastani. Mfinyanzi mgeni hujifunza kwa kufungua tanuri, na anayesubiri wiki 5 ili ajaze tanuri kubwa amefungua mara chache mno kuyaona makosa yake. Kazi ikizidi, tanuri la pili ni bora kuliko moja kubwa, kwani moja likiharibika lingine huendelea.

Umbo, matofali na kidhibiti

Tanuri linalofunguliwa juu ni jepesi na la bei nafuu zaidi, lakini mgongo hulipa, hasa kwa rafu za chini kabisa. Linalofunguliwa mbele hupangwa ukiwa umesimama au umekaa, ni zito, na lina fremu imara. Mwenye maumivu ya kiuno asijidanganye. Atafute la mbele, au la juu lisilo na kina kirefu. Matofali mepesi ya kuhimili moto yenye unene wa milimita 76 hutunza joto kuliko ya milimita 64, na kwa anayechoma koni 6 kila wiki tofauti hiyo huonekana kwenye ankara ya umeme. Chagua kidhibiti cha kielektroniki kinachokuruhusu kupanga kasi ya kupanda kwa hatua, ili uende polepole chini ya nyuzi 100 ambapo unyevu ukigeuka mvuke hupasua chombo kibichi, na polepole tena karibu na nyuzi 573 ambapo madini ya kwatsi yaliyo ndani ya udongo hubadili umbo na kutanuka ghafla. Hata hivyo weka koni kwenye rafu kila mara, juu, katikati na chini. Kipimajoto huonyesha joto la ncha yake tu, tena huchakaa na kuanza kudanganya; koni hukuambia vyombo vyenyewe vimepata nini.

Mahali pa kuliweka pawe na sakafu ya saruji, nusu mita ya nafasi kila upande, na feni ya kuvuta hewa ya tanuri kuitoa nje, kwa kuwa udongo na glezi hutoa mafukizo yenye salfa na kaboni monoksidi. Pima mlango wa jengo kabla ya kuagiza. Nimeshuhudia fremu ya mlango ikibomolewa siku ya kupokea tanuri.

Tanuri lililotumika

Linaweza kuwa ununuzi mzuri. Nyufa nyembamba kwenye matofali si tatizo, kwani matofali hutanuka na kusinyaa. Kagua mifereji ya koili: ikiwa imemomonyoka na koili zinaning'inia nje, punguza bei au ondoka. Madoa ya glezi iliyoyeyuka sakafuni yataendelea kula tofali kila yanapoyeyuka tena. Omba liwashwe mbele yako, na uone kila koili ikiwa nyekundu.

Likifika kwako, na likiwa na koili mpya, lichome kwanza tupu pamoja na rafu zake, kwa joto ambalo maelekezo ya mtengenezaji yanataja, ili koili zijivike oksidi ya kuzilinda. Siku hiyo umwombe fundi apime kwa omu ukinzani wa kila koili, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, uuandike kwenye daftari pamoja na saa ambazo tanuri limetumia kufika juu. Saa zikianza kurefuka na ukinzani ukipanda kwa asilimia 10 hivi, agiza koili nyingine kabla hizo za kwanza hazijakatika katikati ya mzigo.