Ukishang'oa gugu karoti, panda kitu palepale

Wakulima na wafugaji wa Arusha wanalijua kwa sura: majani yaliyochanika kama ya karoti, maua meupe madogo. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Mche mmoja hutoa mbegu zaidi ya 15,000, na huanza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota.

Nguvu yake kubwa, hata hivyo, ni ardhi tupu. Likiota mahali pa wazi hutandaza majani chini kama sahani, likainyima jua miche ya jirani, huku kemikali zake zikizuia mbegu nyingine kuota. Likiota ndani ya nyasi nene hali hugeuka: linakonda, linarefuka kutafuta mwanga, maua yanakuwa machache. Lipo, ila halitawali. Kwa malisho makubwa, mimi ningeridhika na hapo. Kulimaliza kabisa ni ndoto ya gharama.

Tatizo ni kwamba katika mashindano haya ng'ombe ni refa anayependelea upande mmoja. Anakula nyasi, gugu analiacha. Akilila kwa njaa, maziwa huwa machungu. Kwa hiyo zungusha mifugo, na uondoke kwenye kipande kabla nyasi hazijakwanguliwa hadi udongo uonekane.

Shambani, ling'oe na mzizi wake kabla halijachanua, ardhi ikiwa na unyevu. Vaa glavu na mikono mirefu, maana huwasha ngozi na kuchochea pumu. (Tafadhali, usilifanye ufagio.) Lililokwisha kuchanua litie kiroba papo hapo, mbegu zisipukutike njiani.

Siku hiyohiyo panda ngwara, jamii ya maharage ambayo wengine huiita fiwi. Hutambaa upesi, hufunika udongo, huongeza naitrojeni, na ni chakula cha watu na mifugo. Shamba likiwa tupu, panda kwa kubananisha kuliko kawaida. Kwenye mahindi, subiri wiki mbili au tatu yatangulie, la sivyo ngwara itayapanda na kuyaangusha. Usifungulie mbuzi humo kabla haijafunika ardhi.

Samadi mbichi na majani makavu ya kununua huleta mbegu mpya, kwa hiyo kagua kingo za zizi na njia ya trekta. Rudi shambani wiki ya tatu. Ukingoja ya tano utakuta maua.